Jembe si Fimbo

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Siku hizi tunaitwa maafisa ugani, lakini wakulima wangu bado wananiita Bwana Shamba, nami naitika. Nilisomea kilimo katika chuo cha Ilonga, hapa hapa wilayani Kilosa, nikapata cheti. Umri wangu umepita miaka arobaini. Kazi yangu ni mahindi, mpunga, ufuta na mbaazi. Lakini leo sitazungumza habari za mbolea. Nataka kukueleza habari za tabia za watoto wa shule, kwa sababu katika jambo hilo mimi nilikosa. Kosa langu lilimpotezea mtoto mmoja shule.

Kijiji ninachokisema kiko kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, ukishapita Ulaya. Usishtuke. Ulaya hii ni kata yetu. Haina theluji, ina vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Sitalitaja jina la kijiji wala la shule. Wenyewe wanajijua, na hawana kosa kubwa kuliko langu.

Mwaka 2021 kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Walimu walilalamika. Watoto wanachelewa. Wengine wanatoroka kabla ya saa sita. Wengine wanawajibu walimu ovyo. Darasa moja lina watoto zaidi ya tisini, na mwalimu ni mmoja. Atafanya nini? Baba mmoja akasema wachapwe. Mama mmoja akasema wanachapwa kila siku, na bado wanachelewa.

Hapo mimi nikasimama. Nilikuwa nimealikwa kwa sababu shamba la shule lilikuwa limejaa magugu. Nikaona nimepata dawa ya magonjwa mawili kwa kijiko kimoja. Nikasema, "Wazee wangu, tusiwachape. Anayechelewa na alime. Shule ina ekari moja. Watoto watashika adabu, na shamba litalimwa." Watu wakapiga makofi. Kamati ya shule ikakubali siku ile ile. Nami nikaondoka na pikipiki yangu, nimefurahi sana.

Je, ndugu msomaji, wewe ungepiga makofi? Labda ungepiga. Hata mimi nilisahau jambo ambalo sikupaswa kulisahau. Nilipokuwa mtoto wa shule, miaka ya tisini mwanzoni, nilipewa adhabu ya kung'oa kisiki cha mkwaju. Sikumbuki nilikosa nini. Kisiki nakikumbuka. Nilikaa nacho siku tatu, mikono ikatoka malengelenge, na kila nilipoinua jembe nilimchukia aliyenipa. Nililichukia na jembe lenyewe. Ilichukua miaka mingi mpaka nikalipenda.

Basi watoto wakaanza kulima. Kila asubuhi mwalimu wa zamu alisimama langoni na saa yake. Aliyefika baada ya kengele alipewa jembe. Wengine walilima saa nzima, wengine mpaka mapumziko. Wenzao darasani wanasoma hesabu, wao wako shambani.

Mwezi wa nne nilikwenda kuliangalia shamba. Nilikuta watoto kama kumi na watano wanalima kimya, kama watu walio msibani. Nikatazama mahindi. Yalikuwa ya manjano. Mistari ilipinda. Watoto walikuwa wanapiga jembe karibu kabisa na shina, na mizizi imekatwa. Nikamwuliza msichana mmoja, "Mbona mnakata mizizi?" Akanijibu bila kuinua uso, "Tunamaliza adhabu."

Nilipaswa kuelewa siku ile. Sikuelewa. Nilikasirika nikafikiri kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Mwaka ule ekari nzima ilitoa magunia mawili.

Sasa nikueleze habari za yule kijana. Alikuwa darasa la sita, umri miaka kumi na mitatu. Alichelewa karibu kila siku, kwa hiyo alilima karibu kila siku. Hakuna mtu katika shule ile aliyelima kuliko yeye. Baada ya miezi michache hakuonekana tena. Jina lake likaandikwa katika daftari la watoro.

Mwaka 2022 nilikwenda Mikumi kufuata dawa za mifugo. Wewe unayeifahamu Mikumi unajua barabara ile kuu. Inatoka Dar es Salaam, inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa, inakwenda Iringa, Mbeya, mpaka Zambia. Malori hayaishi. Abiria wakishuka tu, vijana wanawazunguka na maji, karanga na mayai. Katika kundi lile nikamwona. Alikuwa amerefuka. Yeye aliniona kwanza.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Kumbe uko huku! Na shule je?"

Akacheka kidogo. Nikamwambia arudi shuleni, watu hawatamfanya kitu. Akaniuliza swali moja tu. "Siku nilizokosa ni nyingi, Bwana Shamba. Nikirudi nitalima mpaka lini?"

Nilikosa jibu. Basi likaingia, naye akakimbilia dirishani na ndoo yake ya maji.

Niliporudi kijijini nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta bibi yake, amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba. Bibi akanieleza. Kijana alikuwa akiamka alfajiri. Anakwenda mtoni mara mbili kuchota maji, anakoka moto, anampikia bibi uji, anamwogesha mdogo wake wa kike na kumpeleka kwa jirani. Ndipo anakimbia shuleni. Kengele imekwisha lia. Sisi sote, walimu, kamati na mimi, tulimwuliza amechelewa dakika ngapi. Hatukumwuliza kwa nini amechelewa.

Mkulima akiniletea jani la muhindi lenye michirizi myeupe, siwezi kumwambia aupige fimbo muhindi wake. Nauliza: ulipanda lini? Mbegu gani? Jirani yako hali ikoje? Nikijua sababu ndipo nashauri. Hii ndiyo kazi niliyofundishwa Ilonga. Lakini kwa mtoto sikuitumia.

Mwaka 2023 shule ilipata mwalimu mkuu mpya, mama wa makamo, mwenye sauti ndogo. Wazazi walipomwona walisema huyu watoto watamshinda. Nilimwendea ofisini nikamweleza yote, pamoja na habari za Mikumi. Hakunilaumu. Alisema, "Bwana Shamba, ulitaka kuwafundisha kazi, ukawafundisha kuichukia. Sasa tuanze upya. Lakini safari hii tuwaulize wenyewe."

Ndugu msomaji, kuwauliza watoto si jambo jipya katika nchi yetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanakumbuka jembe tu. Lakini aliandika pia kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua habari za shamba lao, na waone faida ya jasho lao. Lile la jembe tulilishika, lile la kuamua tukaliacha njiani.

Mwalimu mkuu yule alikuwa amejifunza pia njia iitwayo Tuseme. Njia hii ilianzishwa mwaka 1996 na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Penina Mlama, mwandishi wa michezo ya kuigiza, mzaliwa wa Berega, huku huku mkoani kwetu Morogoro. Ilianza kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Wanafunzi wenyewe wanatafuta shida zao, wanatafuta chanzo chake, kisha wanaionyesha jamii kwa mchezo. Mwalimu mkuu akawapa watoto wake wa shule ya msingi wiki mbili watayarishe mchezo juu ya kuchelewa.

Siku ya mchezo wazazi walijaa chini ya mwembe. Mimi nilipewa kiti cha mbele. Watoto wakaingia. Mmoja alikuwa bibi mgonjwa. Mmoja alikuwa mtoto wa madumu ya maji. Halafu akatokea mmoja amevaa kofia ya karatasi, kalamu sikioni, nguo zimejazwa chini ya shati kuwa tumbo. Anaendesha pikipiki ya mdomo, "brrrr!" Akasimama mbele ya watu akasema, "Wazee wangu, tusiwachape! Walime!" Watu wakaangua kicheko. Mimi sina tumbo kubwa namna ile, lakini hakuna aliyeuliza ni nani.

Nilicheka pamoja nao. Kisha mtoto wa madumu akawekwa shambani, akalima, akalima, mpaka akaliweka jembe chini, akatoka kwa miguu kupita katikati ya watazamaji na kutokomea barabarani. Hakurudi. Mchezo ukaisha hapo. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alianza kulia.

Hapo yakaanza mazungumzo ya kweli. Mzee mmoja alisimama akasema, "Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu." Ni neno linalosemwa katika kila mkutano. Namheshimu mzee yule, na katika kilimo cha mbaazi amenishinda mimi mwenye cheti. Lakini nikahesabu moyoni wenzangu wa darasa la kwanza waliokimbia fimbo kabla ya darasa la saba. Wale hawakuwamo mkutanoni kusema wamekuwa nini.

Mwalimu mkuu akawaeleza wazazi sheria ilivyo, maana wengi hawakuijua. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko vinavyofika sita. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza, visizidi vinne, tena kwa kosa kubwa tu. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa na mkuu wa shule kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Kwa hiyo mwalimu anayetembea na fimbo darasani, akipiga huyu na yule, anavunja kanuni. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kufuta viboko shuleni mwaka 2001. Na sote tunakumbuka habari za Kagera mwaka 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi alipofariki baada ya kupigwa. Mwalimu mkuu alipotaja habari hizo, hata wale waliokuwa wananong'ona walinyamaza.

Kisha watoto wakatunga kanuni zao. Walitunga tano, zikaandikwa kwa chaki ukutani. Ya kwanza ilikuwa hii: "Kulima si adhabu." Ya pili: "Aliyechelewa aulizwe kwanza." Nyingine zilihusu matusi, wizi na kupigana. Nilishangaa jinsi walivyokuwa wakali. Walitaka mwizi asile uji mwezi mzima. Mwalimu mkuu akawapunguza mpaka kurudisha alichokichukua na kuomba radhi mbele ya kundi lake.

Kazi yangu ikawa shamba. Tuliacha ile ekari nzima, tukachukua karibu nusu tu, iliyo karibu na madarasa. Tukaigawa vipande vinane. Kila kipande mita 15 kwa mita 15, na kila kipande kikapata kundi lake, wakubwa na wadogo pamoja. Tulipima kwa kamba yenye mafundo. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30, mbegu moja kila shimo. Mwalimu wa hesabu akawauliza: kipande kimoja kitakuwa na mimea mingapi? Mistari 20, kila mstari mashimo 50. Walipopata mimea 1,000 walipiga kelele kama wameshinda mpira.

Tulipanda mbegu iitwayo Staha. Mbegu hii ni matunda ya utafiti wa mahindi wa Ilonga, na inavumilia ugonjwa wa milia. Kijana mmoja wa darasa la tano akaniuliza, "Bwana Shamba, kwa nini mahindi yaitwe Staha? Yanamwamkia nani?" Nikamwambia yanainama yakikomaa. Jibu langu halikuwa la kitaalamu, lakini lilimtosha.

Sasa tazama jambo hili, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza. Tangu mwaka 2017 nchi yetu ina viwavijeshi vamizi. Kiwavi huyu anaingia ndani ya moyo wa muhindi na kuutafuna. Dawa ni ghali. Kwa shamba dogo unaweza kumtafuta kwa mkono na kumponda, na wakati mzuri ni asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Niliwaeleza makundi. Sikuwaambia wafike saa ngapi. Wiki ya pili mwalimu wa zamu alinipigia simu. Alikuwa amefika saa kumi na mbili na nusu akakuta watoto wa makundi matatu wamo shambani, wanafunua majani, wanahesabu viwavi. Kundi moja linataka kulishinda jingine. Wengi wao walikuwa katika orodha ya wachelewaji.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Mahindi mabichi yaliibiwa mara mbili. Kundi moja lilipigana kwa sababu msichana alichaguliwa kiongozi na wavulana wakagoma. Mwalimu mmoja alishindwa kabisa kuacha fimbo yake. Alikuwa akiiweka nyuma ya kabati na kuitoa mwalimu mkuu akisafiri. Wazazi wawili walinijia nyumbani wakisema watoto wamekuwa wajeuri, siku hizi wanauliza "kwa nini" kila wanapotumwa. Niliwaambia nami ninaulizwa hivyo hivyo, na mara nyingine sina jibu.

Na waliochelewa wakawa wanaulizwa. Majibu yakaandikwa katika daftari, na daftari likaenda kwa serikali ya kijiji. Wengine walikuwa wazembe tu, walicheza njiani. Hao walibaki baada ya masomo kumaliza kazi walizokosa. Lakini wengine walikuwa wanachota maji, wanalea wadogo zao, wanachunga mbuzi wa watu. Mtoto mmoja alikuwa hapati chakula usiku. Mwenyekiti wa kijiji alizungumza na wazazi nyumba kwa nyumba. Jirani mmoja akakubali kumchotea maji yule bibi mwenye miguu mibovu.

Ndugu mzazi, nikuulize nawe. Jana mtoto wako alifanya kazi gani kabla ya kwenda shule? Alikula nini? Akirudi, unamwuliza amejifunza nini, au unamwuliza tu kwa nini sare imechafuka? Akifanya vizuri, unamwambia ni kitu gani amefanya vizuri? Mimi nyumbani kwangu nilikuwa hodari wa kuona ndoo iliyovunjika. Ndoo kumi zilizojazwa sikuziona. Mke wangu ndiye aliyenionyesha.

Tulivuna mwezi wa nane. Nusu ekari ilitoa magunia sita. Manne yalikwenda jikoni, yakawa uji wa saa nne. Mawili yaliuzwa, na kila kundi likaamua fedha zake zifanye nini. Kundi moja lilinunua mpira. Jingine lilinunua sabuni na ndoo ya kunawia mikono. Kundi la nane lilinunua madumu mawili makubwa, wakampelekea yule bibi. Hakuna mtu mzima aliyewaambia.

Kuhusu kijana wa Mikumi, nilimfuata tena. Niliuliza kwa Afisa Elimu Kata, akanieleza juu ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa. Kama una mtoto aliyeacha shule zamani, nawe kaulize. Mtoto anasoma na wenzake wakubwa, bila kuona haya ya kukaa na watoto wadogo. Nilimweleza kijana hayo yote. Alisikiliza. Akasema atafikiri, kwa sababu fedha za dawa za bibi zinatoka katika maji yale anayouza. Sikuweza kumwambia kwamba anasema uongo. Nilirudi mara ya tatu, na ya nne.

Mwaka huu mdogo wake wa kike ameingia darasa la tatu. Yumo kundi la nane. Mwezi uliopita nilipita Mikumi, nikamletea kaka mtu mahindi matatu ya kuchoma kutoka kipande cha dada yake. Alimenya moja, akahesabu mistari ya punje kwa kidole. Akaniuliza kama wanapalilia mapema. Nikasema wiki ya tatu baada ya kuota. Akauliza ni nani anayewapa adhabu ya kupalilia.

Nikamwambia, "Hakuna. Zamu yao ni Jumamosi, saa moja asubuhi."

Akanyamaza kidogo, akitazama lori lililokuwa linapunguza mwendo. "Dada anajua kushika jembe?"

"Anakata mizizi," nikamwambia.

"Basi Jumamosi nitakuja nimwonyeshe," akasema, akaichukua ndoo yake.